Barua Zenye Kichwa cha Salamu

Jumatatu, 2 Novemba 1998

Daftari hili lilikuwa la Euphrasia. Kurasa tatu za mwanzo ameandika vipimo vya sare za kwaya: bega, kifua, urefu. Zilizobaki ni nyeupe, na mimi si mtu wa kutupa karatasi. Alifariki Aprili, mvua zilipokuwa zinaisha. Sasa zinakaribia kurudi, na nimeona nianze kuandika, maana jioni nikifika nyumbani hapa Nyasubi hakuna wa kumsimulia siku ilivyokwenda. Binti yetu Mbuke yuko kwa mumewe Tabora.

Kazini Mama Jaya ameniita mezani kwake.

"Baba Mbuke, mashine imejaa."

"Imejaa nini, Mama Jaya?"

"Barua zako. Hufuti hata moja."

Nikamwambia kila moja ina namba yake kwenye jalada. Akaniuliza hata ile ya mtu wa kambini anayeomba sabuni ya kufulia. Nikamtajia namba ya jalada na ya ukurasa. Alicheka mpaka akavua miwani.

Halafu akanipa kazi. Niandike kanuni ya kampuni: imeili gani inakaa, ipi inafutwa, na baada ya siku ngapi. "Iandike kwa Kiswahili ambacho Jilala atakielewa," akasema. "Mimi nikiandika, watanicheka kambi nzima."

Mvua: hakuna. Mawingu tu upande wa Geita.

Alhamisi, 5 Novemba

Mvua hakuna. Barua tisa.

Jumapili, 8 Novemba

Baada ya kanisa nimekaa kibarazani na nimeona nieleze kazi yetu, maana Euphrasia mwenyewe hakuwahi kuielewa. Alikuwa anawaambia wenzake, "Mume wangu anapokea barua zinazotoka hewani."

Kampuni ni ya Bwana Vipul. Tunachoronga miamba, yaani tunaitoboa kwa mitambo ya mabomba, kwa ajili ya watu wanaotafuta dhahabu. Ofisi iko hapa Kahama, kambi ziko tatu, na kubwa ni ya Nyarugusu, ambako msimamizi wa mtambo ni Jilala, kijana wa Didia. Mama Jaya, jina lake Aarti, ni shemeji yake Bwana Vipul, na ndiye aliyeleta kompyuta. Kila kambi ina mashine iliyofungwa kwenye redio. Mtu anaandika kule, barua inafika kwangu. Mimi naisoma, naichapa, nakala moja jaladani, nyingine kwenye trei ya anayehusika. Nilifanya hivyo miaka kumi na tisa kwenye masjala ya kinu cha pamba, ila kule barua zilikuja kwa baiskeli.

Kitu kimoja nimekuwa nikikiona. Mashine haikubali barua isiyo na kichwa. Na watu wetu, wakiulizwa kichwa, wanaandika kile ambacho barua huanza nacho. Jana nimehesabu. Barua mia nne na kumi na mbili, na kati yake mia mbili na sabini zina kichwa kimoja: Salamu.

Jumatano, 18 Novemba

Mvua ya kwanza, ya dakika kumi. Vumbi limenukia kama sufuria mpya.

Nimempelekea Bwana Vipul kanuni. Kuanzia tarehe moja Desemba, barua ya kazi iwe na kichwa KAZI. Itachapwa, itawekwa jaladani, itakaa miaka saba. Barua ya nyumbani iwe na kichwa SALAMU. Haitachapwa, na siku ya thelathini itafutwa. Karani asisome ya nyumbani zaidi ya kuona ni ya nani, wala asiinakili. Kambi nazo zifute zikishatuma.

Bwana Vipul amesoma akiwa amesimama. "Mzee Mihayo, umeandika vizuri kuliko wakili wangu. Thelathini zinatosha?"

"Salamu ya mwezi uliopita haimsaidii mtu, bwana."

Nilisema hivyo mimi mwenyewe. Naandika ili nikumbuke.

Jumanne, 1 Desemba

Kanuni imeanza. Barua kumi na nne. KAZI mbili, SALAMU kumi na mbili.

Jumatano, 2 Desemba

Mvua. KAZI moja, SALAMU kumi.

Nimempigia Jilala redio nikamuuliza kwa nini ripoti yake ya mita za jana ina kichwa cha SALAMU.

"Shikamoo, Baba Mbuke. Kwani salamu sijaweka?"

"Marahaba. Umeweka, na mita umeweka. Kichwa ndicho kimekosewa."

"Sasa nitamwandikiaje mtu mzima KAZI, kama polisi? Nikuamkie kwanza, mita zitafuata."

Nikamwambia kanuni ni kanuni. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayekubali ili redio inyamaze.

Jumanne, 8 Desemba

Najua kanuni inasema nini juu ya kunakili. Lakini hakuna anayesoma daftari hili, na barua hii ya Jilala imenishika. Naiweka hapa yote.

"Shikamoo Baba Mbuke. Mwangaluka. Wameamkaje hapo nyumbani? Sisi tumeamka ila upepo umechukua turubai la jikoni na jana tumekula ugali wenye mchanga, Masele anasema ni mzuri kwa meno. Kutoka Didia nimesikia yule ng'ombe mweupe wa mama kazaa ndama jike. Mama kamwita Masika, anasema labda mvua itasikia jina lake. Kamba ya chuma ya winchi, mtambo namba mbili, nyuzi zimeanza kukatika, nimehesabu nne, tukipata nyingine tutashukuru. Wasalimie wote. Mimi Jilala."

Kichwa: Salamu, na kweli ameniamkia mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Nimemrudishia niliyozoea kuwarudishia watu kwenye kinu: "Andika upya chini ya kichwa kinachohusika." Ataandika kesho.

Wameamkaje hapo nyumbani. Jilala alikuwa likizo kwa mama yake Aprili ile; labda hakuambiwa, labda ameandika kwa mazoea tu. Nimekaa na swali hilo mchana kutwa.

Nyumbani kwangu kulikuwa na swali lingine. Kila jioni nilipoingia mlangoni, Euphrasia ananiona kabisa, nimesimama mbele yake na kofia mkononi, na bado anauliza, "Umerudi?" Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa nasema ndiyo. Mwaka wa pili nikachoka, nikamjibu, "Bado." Akasema, "Basi mimi namsubiri mume wangu. Wewe keti ule, mgeni." Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Umerudi? Bado. Miaka ishirini na sita. Hata hospitalini Mwanza, siku aliyokuwa hawezi kugeuza kichwa, alisikia viatu vyangu akauliza. Nami nikajibu kama siku zote. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Sijamwambia mtu habari hii. Si jambo la kusimulia, halina mwanzo wala mwisho.

Jumatano, 9 Desemba

Radi usiku. Asubuhi Nyarugusu kimya, redio haisemi.

Ijumaa, 11 Desemba

Mvua kubwa. Nyarugusu kimya. Sina salamu ya kusoma, hata ya mchanga kwenye ugali.

Jumatatu, 14 Desemba

Redio imerudi. Mama Jaya amelazimika kuizima mashine na kuiwasha upya, na barua zilizokuwa zinasubiri kutoka zimepotea.

"Zako zilikuwa ngapi, Baba Mbuke?"

"Tatu."

"Za maana?"

"Hapana," nimesema.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Mbuke hakuweza kuja, barabara ya Tabora imekatika. Nimepika wali wa mtu mmoja ukawa wa watu watatu. Sijajifunza kipimo.

Alhamisi, 7 Januari 1999

Leo nimefuta salamu zote za mwanzo wa Desemba hadi tarehe nane. Tisini na moja. Kule kwenye kinu tulikuwa tunachoma, unaona moshi, unajua umefanya kitu. Hapa unabonyeza, na kioo kinabaki kama kilivyokuwa.

Mama Jaya amefurahi. Mashine sasa inakimbia.

Jumatatu, 11 Januari

Kamba ya winchi imekatika Nyarugusu, mtambo namba mbili. Bomba limemwangukia Masele na kumvunja mguu chini ya goti, mara mbili. Wamempakia kwenye pikapu wakampeleka hospitali Geita. Yuko hai.

Jumanne, 12 Januari

Bwana Vipul amezungumza na Jilala kwenye redio, mlango ukiwa wazi, ofisi nzima tunasikia.

"Kamba imeoza na wewe unaendelea kuchoronga?"

"Niliandika, bwana. Mwezi uliopita niliandika. Sikujibiwa, nikajua kamba iko njiani."

"Uliandika wapi?"

"Kwa Baba Mbuke."

Wote wamenigeukia. Mama Jaya amefungua jalada la Nyarugusu, amepekua Desemba yote. Hakuna. Ameangalia kwenye mashine. Hakuna.

"Mzee Mihayo, uliiona?" Bwana Vipul ameniuliza.

Nimesema sikumbuki. Na kweli wakati ule sikukumbuka. Nilikumbuka ng'ombe.

Bwana Vipul amesema Ijumaa Jilala aje Kahama. Kama hana barua, kazi hana, na hakuna kampuni ya kuchoronga itakayomchukua mtu aliyeacha kamba mbovu ivunje mguu wa mwenzake.

Jumatano, 13 Januari

Asubuhi kabla ya kazi nimefungua daftari. Tarehe nane Desemba. Iko pale, kwa mwandiko wangu, kati ya ndama na "wasalimie wote." Nyuzi nne.

Niliisoma. Niliinakili. Nikamrudishia kwa sababu ya kichwa, na jibu langu likapotea na radi, nami nikaambiwa limepotea nikasema halikuwa la maana. Mwezi mzima Jilala alisubiri kamba, na mimi nilisubiri barua yenye kichwa sahihi.

Mvua imenyesha kutwa. Sijui barua zilikuwa ngapi.

Alhamisi, 14 Januari

Nimewaza kuandika ukurasa upya kwenye karatasi nyingine, ile barua tu. Lakini karatasi mpya itaonekana ni ya jana, na Bwana Vipul atasema nimemtungia Jilala. Daftari lina tarehe zinazofuatana, wino umebadilika palipobadilika, na mbele kuna vipimo vya kwaya. Kwa mtu wa masjala huo ndio ushahidi. Nikichana ukurasa, si ushahidi tena.

Kwa hiyo ni daftari lote. Na barua ile na habari ya Euphrasia ziko upande mmoja wa karatasi, anayesoma ile ataiona na hii.

Nimewaza pia kunyamaza. Naandika kwa sababu ni kweli. Nina miaka hamsini na nane, Jilala ana thelathini na mmoja. Nikikosa kazi hii, asubuhi nitakuwa sina pa kwenda, na jioni sina pa kutoka. Nimekaa na wazo hilo tangu chakula cha mchana mpaka ofisi ilipofungwa.

Ijumaa, 15 Januari

Jilala alifika saa nne, matope mpaka magotini. Alivua kofia. "Shikamoo, Baba Mbuke. Mwangaluka. Nyumbani wameamkaje?" Siku kama hiyo, na bado alinisalimia kwa ukamilifu. Nikamjibu marahaba, nikamvutia kiti.

Tulikaa wanne: Bwana Vipul, Mama Jaya, Jilala, mimi. Kabla Bwana Vipul hajaanza, nikaweka daftari mezani, nimelifungua kwenye tarehe.

"Barua yake ni hii. Niliinakili siku ilipofika."

"Kanuni inakataza kunakili," Mama Jaya akasema taratibu.

"Inakataza. Niliiandika mimi."

Akavuta daftari akasoma kwa sauti ili Bwana Vipul asikie. Mchanga, Masele na meno, ng'ombe, ndama. Nyuzi nne. Bwana Vipul akainua mkono, akasoma mstari huo mwenyewe kwa kidole, kisha akageuza karatasi nyuma na mbele kutazama tarehe.

"Kwa hiyo alituambia," akasema.

"Aliniambia mimi," nikasema. "Nilimrudishia kwa sababu ya kichwa."

"Kwa sababu ya kichwa," akarudia, na hakuna aliyecheka.

Mama Jaya hakujua barua inaishia wapi. Aliendelea kusoma. Andika upya. Wameamkaje hapo nyumbani. Nilitaka kusema basi, inatosha. Akasoma kofia mkononi. Akasoma mgeni. Alipofika hospitalini sauti ilipungua, akamaliza kwa macho, akalifunga daftari na kuweka viganja viwili juu yake, kama mtu anayezuia upepo usilifungue.

Jilala alikuwa anaitazama kofia yake.

"Sikujua, Baba Mbuke," akasema. "Mimi kila barua nauliza nyumbani wameamkaje. Miezi yote hii. Hukunijibu hata siku moja kwamba hayupo."

"Ulikuwa unauliza vizuri," nikamwambia. "Sikutaka uache."

Bwana Vipul alitoka nje, akasimama barazani akitazama mvua, akarudi. Jilala anabaki na mtambo wake. Kamba za mitambo yote zibadilishwe wiki hii. Na mimi?

"Mzee, kanuni imevunja mguu wa mtu. Sitaki uondoke uniachie mzigo huo. Uliiandika, utaiandika tena, na mara hii utakwenda kwanza ukamwone Masele."

Mama Jaya alinirudishia daftari kwa mikono miwili.

Jumapili, 17 Januari

Geita, hospitali. Masele amelala, mguu umefungwa plasta mpaka kwenye paja, kamba na jiwe vimeuning'iniza.

Nimemweleza yote, nimesimama. Amenisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo, mzee, mguu wangu ulikuwa kwenye Salamu?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na ungekuwa kwenye Kazi?"

"Ungepona."

Amefikiri. "Basi hiyo kompyuta yenu haina adabu. Huko kwetu mtu akija mbio kusema nyumba inaungua, anaamkia kwanza. Anaamkia haraka, lakini anaamkia." Halafu amefumba macho, na machozi yametoka, kwa maumivu nadhani. Nimekaa naye mpaka muda wa wageni ulipokwisha. Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba aseme. Daktari anasema atatembea na fimbo.

Jumatatu, 25 Januari

Nimemaliza kanuni mpya. Barua yoyote, ya kichwa chochote, isomwe yote siku ile ile. Palipo na neno la kazi, hata moja, ichapwe na ijibiwe, kichwa kirekebishwe na karani, si na mwandishi. Hakuna kumrudishia mtu barua. Za nyumbani tupu zifutwe siku ya thelathini, na asizinakili mtu bila ruhusa ya aliyeziandika.

Mama Jaya ameongeza mstari mmoja: kambi zikitaka, zitume mambo mawili kwa barua mbili. "Itakupunguzia mzigo," amesema. Alikuwa na nia njema.

Jumatatu, 1 Februari

Barua kumi na moja. KAZI zote.

Alhamisi, 4 Februari

Barua tisa. KAZI zote. "Mita 42. Dizeli mapipa 3. Kamba nzima." Ni sahihi kabisa, kila moja ina jalada lake. Baada ya ule mguu wameogopa kuchanganya, na za nyumbani wanawapa madereva wa malori kwa mkono.

Jumanne, 9 Februari

Mvua. Barua kumi na mbili. Hakuna aliyeuliza wameamkaje.

Sikujua nilikuwa nazila salamu zile kama chakula. Ziliandikwa kwa ajili ya ofisi nzima, nami nilikuwa nazipokea peke yangu. Ndama yule sijui anaendeleaje.

Jumatatu, 15 Februari

Barua nane za KAZI. Ya tisa:

Kichwa: Salamu.

"Shikamoo Baba Mbuke. Mwangaluka. Hii haina kazi ndani yake, nimeipitia mara mbili. Masika anakula majani sasa, anamfukuza kuku wa mama. Masele ametoka hospitali yuko kwao, anasema nikwambie meno yake ni mazima. Siku ile ofisini Mama Jaya aliposoma nilisikia jambo ambalo halikuwa langu. Sijui kama ninaruhusiwa. Nimekaa nalo wiki nne. Mimi siulizi tena nyumbani wameamkaje, kwa kuwa sasa najua. Ila najua pia muda huu ofisi inafungwa na wewe unachukua kofia. Basi nauliza kwa niaba yake tu, ukinikataza sitarudia. Umerudi? Mimi Jilala."

Nimeisoma yote siku ile ile, kama kanuni inavyotaka. Hakuna neno la kazi. Mama Jaya alikuwa anafunga madirisha. Aliona nimekaa, akaacha dirisha moja wazi, akaenda zake bila kuniaga.

Nilivaa kofia, nikaivua. Kisha nikamjibu. Nimeomba ruhusa ya kuinakili hapo juu, ambapo nimeacha nafasi mpaka akubali, na kuhusu lile swali nimeandika neno moja: Bado.

Jumanne, 16 Februari

KAZI saba, Salamu moja. "Nakili, Baba Mbuke. Basi namsubiri. Wewe keti ule."

Jumatano, 17 Machi

Mvua ndogo. Mahindi ya jirani yametoa mbelewele. KAZI kumi, Salamu tatu, mbili za kambi nyingine ambazo sikuzitegemea.

Leo ni siku ya thelathini ya barua ya Jilala. Nimeifuta kwa mkono wangu, saa kumi na moja, kabla ya kuchukua kofia.